Kucha Nyeusi ya Fundi Misumari

Sogeeni karibu, na kila mtu aje na vidole vyake vyote, maana hadithi hii ina kidole kimoja kinachotafutwa.

Palikuwa na fundi wa paa aliyeitwa Misumari. Jina alilopewa na mama yake alikuwa amelisahau hata mwenyewe. Aliitwa hivyo kwa sababu alibana misumari kumi na miwili mdomoni na bado akaongea, akacheka na kumtukana aliyeshika ngazi vibaya. Mkewe aliapa kwamba siku ya harusi, alipoulizwa kama anamkubali, bwana harusi alitema kwanza msumari mmoja ndipo akasema ndiyo.

Alifanya kazi juani miaka thelathini. Jua la juu ya mabati si hili la kwenu la kuanikia nguo. Paka aliyethubutu kupita juu ya bati saa saba mchana alishuka na miguu mitatu, wa nne akiupuliza. Misumari alipanda huko kichwa wazi, na akiulizwa kofia iko wapi hujibu, "Kofia ya nini? Mimi nilishaungua tangu tumboni. Jua likinitazama linaona aibu."

Mafundi wa paa wana jambo lao moja. Fundi mpya akijigonga nyundo kwenye kidole, kucha ikavilia damu na kuwa nyeusi, wenzake huacha kazi, hugonga mabati kwa nyundo na kupiga kelele, "Muhuri! Muhuri!" Kuanzia hapo yeye ni fundi. Asiye na kucha nyeusi ni mbeba mbao tu, hata awe na ndevu mpaka kifuani. Ile nyeusi husogea mbele pamoja na kucha, miezi inapita, mwishowe inakatwa na mkasi na kusahauliwa. Kwa hiyo kwenye kazi hiyo hakuna anayeshangaa kucha nyeusi. Ni sawa na kushangaa unga mikononi mwa mpika mikate.

Ila Misumari alikuwa hajajigonga miaka kumi na tano. Alijisifu kwa hilo sokoni, kinyozini, hata msibani. "Nyundo yangu ina macho," alisema. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Huyu bwana alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, aliyezaliwa na ualbino. Siku mkewe alipomleta nyumbani amemfunga kwenye kanga, Misumari alitazama ile ngozi nyeupe, akatazama jua, akaenda kuchukua ngazi. Hakula mpaka alipojenga kijipaa cha bati kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chooni, kutoka chooni hadi getini. Mtoto aliweza kuzunguka kiwanja kizima bila jua kumgusa. Majirani walicheka kwamba nyumba ina paa kubwa kuliko vyumba. Mtoto akaitwa Kivuli, na jina likamganda.

Kivuli alikua akawa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, upande usiopigwa na jua asubuhi wala jioni. Alishona nguo za mikono mirefu na kofia za ukingo mpana, mpana kiasi kwamba mteja mmoja alipata mvua njiani na kuku sita wakajihifadhi chini yake. Kila miezi sita alikwenda kliniki ya ngozi kukaguliwa kila doa. Kwa kuwa alijificha na jua, aliambiwa asikose samaki na mayai, mifupa isije ikadai haki yake. Baba ndiye aliyemsimamia. "Kofia! Mafuta yako umepaka? Na shingo je? Na masikio?" Alimkagua mpaka nyuma ya masikio, na mwenyewe akatoka kichwa wazi. Nyani haoni kundule, wazee walisema, na hawakuwa wakimsema nyani.

Basi siku moja Kivuli alikuwa anampima baba yake shati. Alimnyoosha mkono wa kushoto, akaweka futi begani, akaishusha hadi kwenye kifundo. Hapo akasimama.

"Baba, hiki kidole gumba kimekuwaje?"

Katikati ya kucha ulipita mstari mweusi, kutoka shinani mpaka nchani, mpana kama risasi ya penseli.

"Huo? Muhuri huo."

"Ulijigonga lini?"

"Ah, siku nyingi. Nani anakumbuka?"

Kivuli akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Baba, nilikupima shati mwaka jana, ule mstari ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Nikadhani ni rangi. Halafu wewe si ndiye hujajigonga miaka kumi na tano? Juzi tu umemwambia kinyozi. Sasa kipi kweli, nyundo ina macho au ina chongo?"

Mzee wa watu, shimo alilichimba mwenyewe.

"Twende hospitali kesho," Kivuli akasema.

"Kesho nina paa la shule. Madarasa manne yako wazi na mawingu yanakusanyika. Unataka watoto wasome ndani ya beseni?"

"Baba, kliniki kwetu kuna picha ukutani. Mstari mweusi kwenye kucha, unaopanuka, usio na sababu. Wanasema usikae nao."

"Picha hizo ni za watu weupe." Akagundua alichosema, akakohoa. "Yaani... na za ninyi. Mtu mweusi kama mimi apate saratani ya ngozi? Imuingilie wapi, haioni hata njia!"

Mama Kivuli, aliyekuwa anachagua mchele mlangoni, hakucheka. Aliweka ungo chini.

Walibishana mpaka mchele ukapoa kabla ya kupikwa. Mwisho wakakubaliana hivi. Kivuli alichukua tupa ndogo ya kunolea sindano, akachora alama juu ya kucha, mkwaruzo mdogo kwa upana, karibu kabisa na shina. Kama ile nyeusi ni damu, itasogea mbele pamoja na alama, na nyuma yake kucha itaota safi. Kama alama itasogea na nyeusi ikabaki nyuma, basi si nyundo, na baba atakwenda hospitali bila neno. Mwezi mmoja.

Kivuli aliukubali mwezi ule, na moyo ukamchoma hata alipokuwa anaukubali.

Sasa mama naye hakukaa. Alikwenda kwa jirani yao muuza juisi, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila ugonjwa mradi jibu liingie kwenye glasi. "Ngozi ni damu," jirani akamwambia, "na damu husafishwa kwa karoti na kiazi chekundu. Mpe juisi tu, asile kitu kingine. Mwezi mmoja atang'aa kama sufuria mpya." Misumari akanyweshwa juisi asubuhi, juisi mchana, juisi usiku. Alikunywa karoti nyingi hata sungura wa mtaa wakaanza kumfuata nyuma nyuma. Mkanda wake uliingia tundu la pili, kisha la tatu, kisha akatoboa la nne kwa msumari. Juu ya paa magoti yalimtetemeka, akawaambia wenzake ni upepo, na upepo haukuwepo.

Siku ya kumi na nane, saa sita mchana, wenzake walishuka kwenda kula. Yeye, asiye na cha kula, alibaki amekaa juu ya kilele cha paa kama mtu aliyepanda farasi. Upande ule ulikuwa umekwisha kupigiliwa wote. Akajitazama kidole.

Alama ya tupa ilikuwa imesogea mbele, kiasi cha punje ya mtama. Nyuma yake kucha mpya ilikuwa imeota, na hiyo kucha mpya ilikuwa nyeusi katikati vilevile. Akaisugua kwa shati. Akaitemea mate, akasugua tena. Kisha akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kabla. Weusi ule ulikuwa umevuka kucha, ukaingia kwenye ngozi ya shina, kama wino uliomwagika ukapita ukingo wa karatasi.

Bati lilichoma mapaja yake lakini hakusikia. Akilini alimwona mkewe mlangoni na ungo. Alikiona kidole gumba cha kushoto, kile kinachoshika msumari ili mkono wa kulia upige. Fundi asiye na kidole hicho ni mtu anayetazama mapaa ya wengine. Wakikiona hospitali, watakikata. Alijua. Hakuna aliyemwambia, alijua tu.

Akakilaza kidole juu ya bati. Akanyanyua nyundo yenye macho. Akapiga.

Jioni alirudi nyumbani na kitambaa chenye damu. "Nimejigonga!" akatangaza tangu getini, kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mama Kivuli alipofungua kitambaa akaona kucha yote imevilia, nyeusi kuanzia huku hadi kule, mstari hauonekani, alama haionekani. Akashusha pumzi. "Basi nyundo imezeeka," akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na nane akacheka. "Muhuri, Baba Kivuli!"

Kivuli hakucheka. Alikikamata kidole kile akakigeuza huku na huku. "Ilikuwaje?"

"Nilikuwa napigilia, nyundo ikateleza."

"Pole, baba," akasema, akaenda kukaa kwenye cherehani. Lakini hakukanyaga.

Kesho yake mchana, akiwa na kofia, miwani myeusi na mwavuli, alikwenda mpaka kwenye ile shule. Chini ya paa alimkuta mwenzake baba, fundi mmoja mnene waliyemwita Bati Moja, kwa kuwa yakilazwa mawili hawezi kupita katikati.

"Mjomba shikamoo. Jana baba alijigonga vipi?"

"Marahaba, binti. Hata sisi twajiuliza." Bati Moja akapunguza sauti. "Tulikuwa chini twala. Tukasikia pigo moja tu. Na upande ule, mwanangu, hakuna msumari uliokuwa umebaki. Sasa sijui alikuwa anapigilia nini."

Kivuli akanyanyua uso. Baba yake alikuwa juu kule kule, kivuli kidogo dhidi ya anga jeupe.

"Baba! Shuka twende hospitali!"

"Nenda nyumbani, jua kali!"

"Upande ule haukubaki msumari wa kupigilia, baba!"

Nyundo zote zikanyamaza. Misumari alijifanya anapima bati kwa shubiri, na bati lilikwisha kupimwa juzi.

Kivuli akafunga mwavuli, akauegemeza ukutani. Akashika ngazi. Macho yake hayakuwa mazuri kwa mbali wala kwa mwanga, kwa hiyo kila kidato alikipapasa kwa mguu kwanza. Bati Moja akaishika ngazi kwa mikono yote miwili akisema, "Mama yangu, mama yangu." Alipofika juu, kichwa chake kikatokeza kwenye ukingo wa paa, mwanga wa mabati ukamchapa usoni. Akafumba macho. Akavua kofia, akaiacha ianguke chini.

"Kivuli! Vaa kofia!"

"Nitaivaa ukishuka."

"Utaungua!"

"Ndiyo, nitaungua." Akakunja mkono mmoja wa shati mpaka kwenye kiwiko, kisha mwingine. "Wewe si wasema kila mtu na ngozi yake? Mimi hii yangu. Nitakaa hapa mpaka ushuke. Tuone nani mkaidi zaidi."

"Mwanangu, tafadhali."

"Miaka ishirini na nne umenijengea paa mpaka chooni, baba. Leo wataka nikuzike kwa ajili ya kidole?"

Yule mtu aliyetembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kama wengine wanavyotembea barazani, siku hiyo alitelemka kwa makalio. Wanaosimulia husema suruali yake ilitoa cheche. Alipomfikia alimfunika kichwa kwa shati lake mwenyewe, akabaki kifua wazi, mbavu zinahesabika, analia waziwazi mbele ya mafundi saba. Hakuna aliyegonga bati.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi mwenye taa ndogo kichwani. Alimjua Kivuli tangu utotoni. Alikishika kidole, akakitazama kwa lenzi muda mrefu.

"Mmekaa na hiki muda gani?"

Kivuli akaeleza yote, tupa, alama, mwezi mmoja.

"Tupa ni akili nzuri," daktari akasema, "lakini siku ile ile ulipouona mstari ndiyo ilikuwa siku ya kuja. Mwezi si wako wa kumpa." Kivuli akainamisha kichwa.

"Daktari," Misumari akasema, "nasikia ugonjwa huu si wa watu kama mimi."

"Wengi wanasikia hivyo, ndiyo maana wanakuja kwangu wakiwa wamechelewa. Kwa mtu mweusi ni nadra, sikudanganyi. Lakini ukija, hupenda kukaa kwenye viganja, kwenye nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hatazami. Na hapo si jua linaloleta. Jua ndilo adui mkubwa wa binti yako. Wewe adui yako alikaa kimya."

Mama Kivuli akauliza kwa sauti ndogo habari za juisi. Daktari akamtazama Misumari kuanzia kichwani hadi kwenye lile tundu la nne la mkanda.

"Nani amemkondesha hivi?"

"Ni karoti," mama akasema, akatamani sakafu ipasuke.

"Mama, karoti ni chakula kizuri. Mboga, matunda, vyote mpe. Lakini chakula hujenga nyumba, hakimfukuzi mwizi aliyeko ndani. Nikimpasua mtu huyu, kidonda chake kitapona kwa nyama gani? Mpe maharage, mpe mayai, samaki, wali, mpaka ashibe. Na yeyote atakayekuuzia glasi ya kuondoa saratani, mwambie aje aninyweshe mimi."

Walikata kipande kidogo kwa ganzi, kikapelekwa maabara. Majibu yaliwataka wasubiri siku kumi na mbili. Katika siku hizo Misumari alikula. Mkewe alimpikia kama anayepikia kijiji, akasimama juu yake na mwiko. "Kula. Hicho kipande cha yai unamwachia nani?" Lakini vijiko vyao viligonga sahani kwa sauti kubwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wote watatu walikuwa wanaliwaza neno hilo, na wote watatu walilimeza na wali.

Majibu yakaja. Ilikuwa saratani. Aina mbaya, daktari akasema, inayojua kukimbia. Lakini hii ilikuwa bado haijazama sana. Kidole kitakatwa kwenye kiungo cha juu. Na tezi moja ya kwapa itatolewa ipimwe, kujua kama mwizi ameshatoka nyumbani kwenda kwa jirani.

"Kwenye kiungo," Misumari akarudia. "Kitabaki kipande?"

"Kitabaki kipande."

"Kitashika msumari?"

Daktari hakumdanganya. "Sijui."

Misumari akamgeukia binti yake, ambaye pua yake na mikono ilikuwa bado inabanduka tangu siku ile ya ngazi. Akaitazama ile ngozi inayobanduka. "Kateni," akasema.

Kidole kikakatwa. Wakaanza kusubiri habari ya kwapa, na kusubiri huku kulikuwa kubaya kuliko kule, maana kidole mtu hupungukiwa akaishi, lakini lile la kwapa lilikuwa uhai wenyewe. Siku ya tisa wakaitwa. Misumari aliketi kati ya mkewe na mwanawe kwenye benchi la ukumbini, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kama mtoto mchanga. Bila misumari mdomoni, meno yake yaligongana. Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka mwenyewe, karatasi mkononi. Mama Kivuli akaanza kulia kabla hajasikia lolote, ili asichelewe.

"Tezi ni safi," daktari akasema. "Msishangilie sana. Kila miezi mitatu nakutaka hapa. Ukikosa nitapanda paa mwenyewe."

Alirudi kazini baada ya miezi miwili na nusu. Kile kipande hakikushika msumari. Alijaribu siku tatu, misumari ikimdondoka kama mahindi ya bisi, na wenzake wakajifanya hawaoni. Siku ya nne alikuja na koleo ndogo ya mdomo mrefu. Akaubana msumari kwa koleo, akapiga. Polepole. Aliyekuwa wa kwanza kumaliza safu sasa akawa wa mwisho. Paa la shule lilikuwa limeshamalizwa na Bati Moja, na mvua ilikuwa imekwisha kulijaribu: lilivuja mahali pamoja, na Misumari alifurahi mno kusikia.

Kichwani alivaa kofia aliyoshonewa na binti yake. Kitambaa kilikuwa kimebaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja mwenye mbwembwe, kina maua makubwa ya waridi, na ukingo wake ulifika mabegani.

"Misumari," Bati Moja akamwita kutoka chini, "daktari si alisema kile chako hakikuletwa na jua?"

"Alisema."

"Sasa bustani hiyo ya nini?"

"Aliyeishona hapandi tena ngazi bila kofia. Tumekubaliana. Siku nikiivua, naye anavua."

Kuhusu muhuri, mafundi bado wanagonga mabati mtu akijigonga. Hawakuacha, watu hawaachi raha zao. Lakini sasa Misumari huuliza kwanza, mbele ya wote, "Nani aliiona nyundo ikipiga?" Asipopatikana shahidi, mwenye kucha hupelekwa barazani kwa Kivuli, naye humtazama kidole, humvua viatu akamtazama nyayo, na akiona asilolipenda hampi hata siku moja, achilia mbali mwezi.

Na kila miezi mitatu baba na binti huenda kliniki pamoja. Huketi benchi moja. Baba humkagua binti nyuma ya masikio, naye binti humkagua baba kucha tisa na kile kipande, moja baada ya nyingine, mpaka waitwe.

Hadithi nimeitua hapo. Aliyeisikia avue viatu, ageuze nyayo zake kwenye mwanga, na aliye jirani yake amsaidie kutazama.